Sura ya Sita: Mechi Inaanza Saa Ngapi?

Yeyote aliyewahi kukaa kando ya kiwanja cha basketi, iwe Likasi au Kambove huku Katanga, analijua swali hili. Halitoki kwa kochi wala kwa mwandishi wa habari. Linatoka kwa mtu wa kawaida, tuseme fundi wa kuchomelea wa komini ya Shituru, aliyefunga karakana mapema, akavaa shati safi, akamshika mtoto wake mkono na kufika kiwanjani. Anakuta vijana wanne wanarusha mpira bila haraka. Mwamuzi hayupo, na meza ya kuandikia pointi haijatolewa ndani. Anauliza, "Mechi inaanza saa ngapi?" Anajibiwa, "Bado kidogo, papa, tunangoja wenzetu."

Atangoja mara ya kwanza, na pengine hata ya pili. Mara ya tatu atabaki nyumbani, na hakuna atakayekwenda kumuuliza kwa nini haonekani tena.

Viongozi wa klabu wakiketi kuzungumza jinsi ya kuinua mchezo huu, hoja ya kwanza mezani huwa ni pesa. Hatuna mfadhili, hatuna mipira, hatuna ukumbi wenye paa. Yote hayo ni kweli. Hata hivyo, ninavyoona mimi, pesa ni jambo la tatu. La kwanza ni saa na la pili ni karatasi. Mfadhili ni mtu kama yule fundi: hawezi kuweka chake mahali ambapo hata muda wa kuanza haujulikani.

Tuelewane maneno kwanza

Huku kwetu neno "ligi" lina maana mbili, na huchanganya watu. Katika mpangilio wa michezo ya Kongo, klabu za mji hukusanywa na chombo kinachoitwa entente, au antanti kama wengi tunavyotamka. Juu yake kuna ligi ya mkoa, na juu kabisa shirikisho la taifa, FEBACO. Kwa maana hiyo ligi ni ofisi. Lakini shabiki akisema ligi anamaanisha shampiona yenyewe: mechi, pointi, bingwa. Katika sura hii nafuata maana ya shabiki. Wale wanaoandaa mechi nitawaita waandalizi, wawe wa antanti au wa mkoa.

Neno la pili ni "nusu-kulipwa". Mchezaji wa namna hii hupata kitu: nauli, jozi ya viatu, pengine primu, yaani pesa kidogo inayotolewa baada ya ushindi. Lakini hawezi kulisha nyumba kwa kitu hicho. Asubuhi yuko darasani anafundisha, au yuko sokoni, au anashika zamu mgodini. Mazoezi ni jioni, baada ya kazi. Mali kubwa ya mtu huyu ni muda wake. Mechi ikichelewa saa mbili, saa hizo mbili zimetolewa katika mkate wake, kama vile zilivyotolewa katika karakana ya fundi.

Baba aliyekuwa akilipia kila kitu

Hatuwezi kuelewa kwa nini klabu zetu ni dhaifu bila kukumbuka zilizaliwa vipi. Kambove ni mji wa shaba. Kampuni ya Union Minière iliundwa 1906, reli ikatoka Lubumbashi kuja kuchukua madini, na maisha ya watu yakapangwa kufuata king'ora cha kazi. Mali za kampuni zilitaifishwa 1967, na baada ya miaka michache jina likawa Gécamines. Kampuni ilitoa nyumba, posho ya unga, hospitali na shule. Ilitoa pia viwanja, jezi na gari la kupeleka timu. Wazee walisema kampuni ni baba na ni mama, na hawakukosea.

Kisha baba akaugua. Katikati ya miaka ya 1980 Gécamines ilikuwa ikitoa zaidi ya tani 450,000 za shaba kwa mwaka. Mgodi wa Kamoto uliporomoka 1990, na katikati ya miaka ya 1990 uzalishaji haukufika hata tani 50,000. Mwaka 2003 na 2004 wafanyakazi zaidi ya 10,000 waliondoka katika mpango ulioitwa wa kuacha kazi kwa hiari. Nani angeuliza habari za jezi wakati mishahara ya miezi mingi haijalipwa?

Nayasema haya kwa heshima. Kampuni ilitufanyia mengi, lakini kuna kitu kimoja haikutufundisha, kwa sababu hakikuhitajika: jinsi ya kuishi kwa mchango mdogo wa watu wengi. Klabu yenye baba mmoja haikuhitaji kumjua yule fundi kwa jina. Haikuwa na daftari la wanachama, haikuuza tiketi, wala haikumweleza mtu yeyote pesa zimetumika vipi. Baba alipoanguka, daftari lile halikuwepo. Mpaka leo klabu nyingi hazina.

Mtindo wa klabu ya kampuni haujafa kwingine. Mombasa, timu ya KPA ni ya mamlaka ya bandari, na timu yake ya wanawake imekuwa tishio Afrika Mashariki kwa miaka mingi. Bandari ikiwa hai, timu hula. Sisi tumeshaona upande wa pili wa jambo hilo, na hatuna haja ya kuuona tena.

Hesabu ya kalenda

Sasa tushike kalamu. Tuseme tuna klabu sita za wanaume na sita za wanawake, za Likasi na Kambove pamoja. Klabu sita zikikutana kila moja na mwenzake mara moja, ni mechi 15. Zikirudiana, ni 30. Mwishoni mwa kila juma kila klabu hucheza mara moja, maana yake mechi tatu za wanaume na tatu za wanawake. Msimu mzima unamalizika kwa wiki kumi.

Je, kiwanja kimoja kinatosha? Mechi ina robo nne za dakika kumi kumi. Ukihesabu mapumziko, madhambi na muda wa kujinyoosha, inakula saa moja na nusu hivi, basi tuipe saa mbili. Jumamosi mechi zianze saa tatu asubuhi, kisha saa tano, saa saba na saa tisa. Hizo ni nne. Jumapili watu wako kanisani, kwa hiyo tuanze saa saba mchana, kisha saa tisa. Hizo ni mbili, na jumla ni sita. Mwezi wa sita jua la huku linatua mnamo saa kumi na mbili kasoro kidogo, kwa hiyo ya mwisho huisha kukiwa bado na mwanga. Hatujahitaji taa hata moja.

Na mvua? Kiwanja chetu ni saruji isiyo na paa, na mvua za Katanga hazina mzaha. Zinashika kuanzia mwezi wa kumi au wa kumi na moja hadi wa nne. Kupanga mechi mwezi wa kwanza ni kujitafutia maahirisho. Msimu uanze Jumamosi ya kwanza ya mwezi wa tano. Tuache wikendi mbili tupu, moja kwa ajili ya mitihani ya wanafunzi na moja kwa ajili ya sikukuu ya uhuru ya tarehe 30 mwezi wa sita. Wiki kumi za mechi zitaishia baada kidogo ya katikati ya mwezi wa saba. Nusu fainali zichezwe wikendi inayofuata, na fainali karibu na sikukuu ya wazazi, tarehe 1 mwezi wa nane, siku ambayo familia ziko pamoja na zinatafuta mahali pa kwenda.

Kuna jambo moja la usafiri. Kati ya Likasi na Kambove ni kilomita 25 hivi, barabara yenye vumbi na malori ya madini. Kila klabu ikitafuta gari lake kila wiki, wiki ya nne utasikia gari limeharibika. Ni afadhali mechi zote sita za juma zichezwe mahali pamoja: wiki mbili Likasi, wiki moja Kambove, na klabu zishirikiane basi moja. Waamuzi nao watasafiri mara moja tu, na watu wa Kambove watapata siku mbili nzima za basketi badala ya mechi moja inayopita kama upepo.

Angalia pia tunavyowapanga wanawake. Tabia ya kuwaweka wanawake asubuhi sana, kama watu wa kupasha uwanja moto, ni kosa na ni hasara. Mechi ya saa tisa, ile yenye watu wengi, iwe ya wanawake Jumamosi na ya wanaume Jumapili, kisha wiki inayofuata wabadilishane. Dada wa mtu, mama wa mtu na jirani wa mtu wanapocheza saa nzuri, ukoo mzima unakuja.

*Kwa ufupi:* klabu 12, kiwanja kimoja kwa wikendi, miezi mitatu ya kiangazi. Hakuna kilichohitaji mfadhili mpaka hapa isipokuwa basi.

Sekunde 24

Wapo watakaosema, "Hao wa Marekani wana pesa, ndiyo maana ligi yao inapendeza." Ligi hiyo ya Marekani, NBA, nayo iliwahi kukaribia kukimbiwa na watazamaji, na dawa yake haikuwa pesa.

Tarehe 22 Novemba 1950 Fort Wayne Pistons walicheza na Minneapolis Lakers. Lakers walikuwa na George Mikan, jitu la zaidi ya mita mbili ambalo hakuna aliyeliweza. Pistons wakaona dawa ni kushika mpira na kutorusha. Walipasiana, wakasimama, wakapasiana tena. Sheria haikuwakataza. Mechi ikaisha 19 kwa 18, na watu waliolipa kiingilio wakazomea.

Mtu aliyepata jibu alikuwa Danny Biasone, mzaliwa wa Italia aliyekuwa na ukumbi wa mchezo wa kuviringisha mipira ya kuangusha vigingi, na pia timu ya Syracuse Nationals. Alijiuliza: mechi iliyofurahisha watu ina mirusho mingapi? Akakuta kila timu hurusha kama mara 60, yaani 120 kwa timu mbili. Mechi ya NBA ni dakika 48, sawa na sekunde 2,880. Gawanya kwa 120, unapata 24. Tangu 1954 timu ikishika mpira inapewa sekunde 24 irushe, la sivyo inaupoteza. Msimu ule wa kwanza wastani wa pointi za timu ulipanda kutoka 79 hivi hadi 93, na bingwa wake, mwaka 1955, akawa Syracuse.

Ninachokipenda katika kisa hiki ni mahali Biasone alipoanzia. Alianzia kwa yule aliyekaa kwenye kiti. Sheria nzima ya sekunde 24, inayofuatwa leo karibu duniani kote, ilitokana na kumheshimu mtazamaji na muda wake. Na sisi tunaweza kuifuata bila saa ya umeme. Kijana mmoja mezani ashike saa ya simu, apaze sauti zikibaki sekunde kumi na tena zikibaki tano, kisha apige filimbi. Si kamili, lakini wachezaji watazoea ndani ya wiki mbili.

Pointi moja ya kufika

Watu waliozoea mpira wa miguu hushangaa wakiona jedwali la basketi. Ukishinda unapata pointi mbili. Ukishindwa unapata moja. "Moja ya nini, na umepigwa?" Ni ya kufika na kucheza hadi mwisho. Timu inayokosa kufika inapata sifuri, na matokeo yanaandikwa 20 kwa 0. Sheria za kimataifa zinasema hivi: dakika 15 zikipita baada ya saa iliyopangwa na timu haina wachezaji watano tayari uwanjani, imepoteza mechi.

Kwa hiyo hatuhitaji kutunga adhabu mpya. Ipo kitabuni tayari, na tatizo letu ni huruma. Mwamuzi anamjua kochi, kochi ana sababu ya kweli (gari, msiba, mvua ya ghafla), na hakuna anayetaka kuwa mbaya. Basi tunangoja. Lakini huruma hiyo inalipwa na watu wawili: timu iliyofika kwa wakati, na yule fundi na mtoto wake. Ningeomba waandalizi waitumie sheria hiyo wiki ya kwanza kabisa, hata kwa klabu kubwa, na hasa kwa klabu kubwa. Ikitumika mara mbili, haitahitajika tena mwaka huo.

Karatasi

Ugonjwa mwingine ni ule tunaouita tapis vert, zulia la kijani, yaani pointi zinazopatikana ofisini badala ya kiwanjani. Klabu inashindwa Jumapili, Jumatatu inapeleka malalamiko kuhusu leseni ya mchezaji, na wiki sita baadaye hakuna anayejua nani anaongoza. Shabiki akishaona kwamba alichokitazama kwa macho yake kinaweza kufutwa kwa barua, anaacha kuamini anachokiona.

Dawa yake ni karatasi chache, zilizoandikwa mapema. Leseni zote zikaguliwe na kubandikwa ukutani kabla ya mechi ya kwanza. Baada ya hapo jina lililobandikwa halipingwi, ila kwa udanganyifu wa wazi. Malalamiko yapelekwe ndani ya saa 48 na yajibiwe ndani ya siku saba. Matokeo na jedwali vibandikwe jioni hiyohiyo, vipigwe picha na kutumwa kwenye redio za Likasi kabla ya taarifa ya usiku.

Karatasi nyingine ni ya mchezaji na klabu, ukurasa mmoja tu: nauli ni kiasi gani, primu ni kiasi gani na italipwa lini, nani anagharimia matibabu akivunjika mkono, na kijana akiitwa na klabu ya Lubumbashi ataondoka kwa masharti gani. Ahadi za mdomo ndizo zinazovunja timu katikati ya msimu. Mchezaji aliyeahidiwa kidogo akapewa chote hukaa. Aliyeahidiwa kikubwa akapewa nusu huondoka na chuki.

Karatasi ya mwisho ndiyo ngumu kuliko zote: hesabu ya mlangoni. Watu 150 wakilipa faranga 1,000 kila mmoja, ni faranga 150,000. Ziandikwe, zigawanywe mbele ya wawakilishi wa klabu, na karatasi ibandikwe. Haijalishi kwamba ni ndogo.

Sasa ndiyo pesa

Msimu mmoja ukipita hivyo, waandalizi watakuwa na faili: mechi zilizopangwa, mechi zilizochezwa, watu walioingia, pesa zilizotumika. Faili hilo ndilo la kwenda nalo kwa wenye fedha.

Na fedha zipo karibu. Sheria ya madini iliyorekebishwa 2018 inaitaka kampuni ya uchimbaji itenge angalau asilimia 0.3 ya mauzo yake ya mwaka kwa miradi ya maendeleo ya jamii inayoizunguka. Sheria hiyohiyo inapeleka asilimia 15 ya mrabaha, yaani malipo ambayo kampuni huilipa serikali kwa madini inayouza, kwa mji, komini, sekta au cheferi ambako uchimbaji unafanyika. Kambove imezungukwa na migodi. Visima, shule na zahanati vitangulie, hilo silibishi. Lakini paa la kiwanja na vyoo viwili ni mradi wa jamii, na wanaokaa katika vikao vya kuamua miradi hiyo ni watu tunaowajua.

Nashauri tuombe vitu, si pesa taslimu: saruji na rangi ya mistari, mbao za goli zenye ringi iliyo mita 3.05 kutoka chini kama inavyotakiwa, benchi na kivuli upande wa magharibi, basi kwa wikendi kumi. Kitu kikishajengwa kinaonekana, na si rahisi kukila.

Mtazamaji naye, ukimuuliza, haombi makubwa:

- kujua saa, na saa hiyo kuheshimiwa;
- mahali pa kukaa pasipochoma, na choo ambacho mama anaweza kumpeleka mtoto;
- mtangazaji anayetaja majina kwa Kiswahili, ili ajue namba saba ni mtoto wa nani;
- mama wa vitumbua na maji ya kunywa, waruhusiwe kuuza ndani bila kusumbuliwa.

Wengine walifikaje?

Kampala walikuwa na jambo moja zuri: ukumbi wa Lugogo. Kwa miaka mingi mpenzi wa basketi alijua siku za mechi na mahali pake bila kuuliza. Kutoka katika ligi hiyo City Oilers walifika 2023 kwenye Basketball Africa League, mashindano ya klabu bingwa za Afrika yaliyoanza kuchezwa Kigali 2021. Kenya ilisubiri mpaka 2025, pale Nairobi City Thunder ilipocheza humo, miaka miwili tu baada ya kuchukuliwa na kampuni iliyoiendesha kama kazi ya kila siku.

Na jirani zetu? Espoir Fukash ya Lubumbashi ilicheza mashindano hayo mjini Cairo mwezi wa nne 2022, ya kwanza kutoka Kongo. Lubumbashi hiyohiyo ndiko alikozaliwa Bismack Biyombo 1992, akachaguliwa wa saba katika uteuzi wa NBA wa 2011, na baadaye akatoa mshahara wake wa msimu mzima kujenga hospitali nchini. Lubumbashi ni kilomita 120 hivi kutoka Likasi. Vijana warefu, wepesi na wenye njaa ya mchezo wapo Kambove pia, na anayetafuta vipaji huenda mahali ambapo mechi iliyoandikwa Jumamosi inachezwa Jumamosi.

Basi ombi langu kwa waandalizi na viongozi wa klabu ni hili. Kabla mwezi wa nne haujaisha, bandikeni kalenda nzima kwenye masoko ya Likasi na Kambove, yenye tarehe, saa na majina ya timu. Jumamosi ya kwanza ya mwezi wa tano, saa tatu kamili asubuhi, mwamuzi arushe mpira juu, hata kama wamekuja watu kumi na wawili tu.